Shingo Upande

Miaka tisa nimewainua wazee wa Sheffield,
kitandani hadi kitini, kitini hadi chooni,
mpaka pingili ya tano na ya sita
zikasagana kama mawe ya kusagia yaliyokosa mtama.

Ganzi ikashuka: bega, kiwiko, kidole gumba.
Kikombe kikaniponyoka, chai ikamwagikia zulia.

Daktari Hepworth akanionyesha kitu kiganjani,
kisahani cha chuma, kidogo kuliko kifungo cha koti.
"Tutapitia mbele," akasema, "kando ya koo."
Nikatia saini. Shingo upande, ndiyo;
ningetiaje vinginevyo?

Jiji hili lilifua visu na vijiko.
Sasa chuma chake, au cha wengine,
kimelala ndani yangu,
na dada Mwanaidi kwenye simu anauliza
kama kitashika kutu nikinywa maji mengi.

Wiki ya sita. Mvua dirishani. Naswali kwenye kiti.
Kulia: salamu.
Kisha polepole, kama bawaba iliyotiwa mafuta,
kushoto,
kwa malaika niliyemnyima tangu Rajabu,
yule mwenye kalamu ya makosa.

"Hili," namnong'oneza, "usiliandike."