Kipande Cheupe

Dampo la zamani limevimba, linafuka moshi kwa ndani.
Agizo lilikuwa fupi: tafuta pengine.
Nikatandika jiji lote juu ya kioo,
feni ya ofisi ikinipepea joto lilelile.

Tabaka la kwanza, mito: Msimbazi, Kizinga, Mzinga,
na vijito ambavyo majina yake huyajua masika tu.
Mita mia tano kila upande, nyekundu.
Nyumba, nyekundu. Visima, nyekundu.
Mchanga usiojua kutunza siri, maji machafu yakipita,
nao nikaupaka.
Kisha uwanja wa ndege, maana kunguru hawasomi ratiba.
Kisha barabara, lori lisije likanywa bajeti ya mwezi
kabla ya kufika.

Kila nikibonyeza, weupe ukapungua
kama ugali kwenye sinia la watoto wengi.
Kikabaki kipande, ukubwa wa ukucha,
huko nyuma ya Chanika, Kwa Mbiku.
Mashine ikaandika: panafaa sana.
Mhandisi Ndimbo akapiga kofi moja, akaenda kunywa chai.

Jumanne tukaenda kuhakiki, mimi na dereva Lugendo.
Kifaa kikalia: umefika.
Nilipofika palikuwa na mchicha.
Matuta kumi na mawili,
kopo la rangi lililotobolewa kwa msumari,
nyumba ya matofali isiyo na lenta
na ukutani, kwa mkaa: HAPAUZWI.

Picha ya setilaiti ilikuwa ya miaka mitatu nyuma.
Wakati ule Bi Siwema alikuwa bado bondeni,
godoro juu ya meza, watoto juu ya godoro.
Aliihama nyekundu yangu kabla sijaipaka.

Nikamwonyesha ramani. Nikamweleza uzito:
mto thelathini, udongo ishirini,
barabara kumi na tano.
Akakinga jua kwa kiganja, akatazama kioo
kama mtu anayetafuta sura yake kisimani.
"Na sisi," akasema, "mmetupa ngapi?"

Neno moja, likanikata pande mbili.
Lugendo akainama kukagua tairi lisilo na tatizo.

Tulipoaga akanifungia fungu la mchicha,
pesa akaikataa kwa mkono.
Usiku nikauchambua jikoni, Tabata.
Majani sufuriani.
Mizizi, na udongo wa Kwa Mbiku ukiwa bado umeing'ang'ania,
nikabaki nayo mkononi,
nikizunguka nyumba,
natafuta pa kuitupa.