Nadhiri ya Surua

Nilishuka Mnazi Mmoja na kifurushi kwapani:
mita mbili za bafta, chupa ya marashi,
na deni lisilo langu.

Nikiwa na miaka minne surua ilinifumba macho.
Mama akanong'ona, asisikiwe na baba wala padri:
akipona huyu, nitapeleka kitambaa msikiti wa kale.
Nikapona. Kitambaa hakikwenda.
Masasi ni mbali kwa mwanamke
aliyezaliwa Mwanahamisi
akazikwa Felista.

Kijana wa bodaboda aliniuliza jambo moja tu:
"Nakilemba ipi, mama? Ya waliokula au ya waliofunga?"
Nikadhani ananichezea.
Kumbe mwezi ulikuwa umeandama kwa nusu ya kijiji.
Huku kanzu mpya, watoto na pipi mashavuni;
kule, ng'ambo ya mtaro wa maji ya mvua,
hatua arobaini, nilizihesabu,
bado ilikuwa Ramadhani.

Kwa Mchopa nililishwa pilau, sikuweza kukataa.
Kwa Somoe, binamu yake mama,
nilifika nimeficha vidole ndani ya kanga.
Akanusa. "Umeanzia kwao," akasema.
Kisha, akitafuta ndala zake chini ya kitanda:
"Mwaka wa sita huu hatuzikani,"
kama mtu anayetaja bei ya korosho.

Walinisindikiza wote wawili. Sikuwaomba.
Kila mmoja alihofia mwenzake atanieleza uongo.
Tukapita mikorosho, tukapita upupu,
Mchopa mbele, Somoe nyuma,
mimi katikati kama mpaka unaotembea.

Paa lilikwishaondoka zamani.
Kuta za matumbawe, mizizi imeingia kama mkono mfukoni,
na juu ya kibla vishimo vya duara
zilimokaa bakuli za kichina; mtu alizing'oa kwa patasi.
"Wao," alisema Mchopa.
"Wao," alisema Somoe.
Kwa pamoja, pumzi moja.
Mbuzi aliyelala kwenye birika kavu alitutazama.

Aliujenga Mshihiri, akasema mmoja.
Aliujenga mwanamke mwenye mashamba ya chumvi, akasema wa pili,
na jina lake akalitaja, na la mama yake,
na Mchopa akasema hakuna mtu wa jina hilo.

Nikauliza kaskazini iko wapi, nijue tu nilikosimama.
Mikono miwili ikainuka. Kidole kimoja.
Walipoona, wakaishusha haraka
kama waliokutwa wameshikana.

Penye ufa wa ukuta palikuwa na matambara,
mengine yamechakaa hadi kuwa rangi ya vumbi,
mengine ya juzi.
"Kufunga vitambaa ni haramu," alisema Mchopa.
"Ushirikina," alisema Somoe.
Mmoja ulikuwa utepe wa gauni
alilovaa asubuhi ile binti wa Mchopa.
Mwingine pindo la kanga, na ndugu yake
alikuwa kiunoni mwa Somoe.
Nilinyamaza. Mgeni mwenye adabu ana macho mafupi.

Nilifunga bafta yangu. Sikujua dua ya kusema.
Baba Yetu ilinikwama, na nyingine sikufundishwa.
Nikasema: Mama, kimefika.
Miaka thelathini na saba, lakini kimefika.
Nikamwaga marashi; Somoe akageuza uso,
eti ana funga,
ila nilimwona akivuta hewa.

Kwenye mtaro kila mtu alishika upande wake.
Mchopa akarudi mbio na bakuli lililofungwa kitambaa.
"Pilau. Ya njiani," akasema kwa sauti ya kusikika.
Kisha kwa ile nyingine: "Akifuturu mpe. Usiseme imetoka wapi."

Somoe alikuwa anapepeta mchele, hakuinua kichwa.
"Iweke pale juu ya jiko," alisema.
"Na uifunike vizuri.
Huyo tangu utotoni anazidisha bizari."