Mngoje Chini

Tulianza kwa sababu ya dirisha.
Mghoi, miaka minne na nusu,
alikuwa kwenye grili, ghorofa ya tano, Tassia,
vidole vimeng'ang'ania chuma, pazia limemfunika mguu,
akihesabu magari yaliyoegeshwa
pale palipokuwa uwanja mwaka jana.
Sikupiga kelele. Nilimnyemelea
kama mtu anayemkamata kuku wa jirani,
nikamkumba kiunoni, nikamshusha,
ndipo magoti yangu yakakumbuka kutetemeka.

Usiku Mkamburi alisema, bila kugeuka kitandani:
"Huyu humkatazi. Mpe pa kupanda."

Jumamosi, Gikomba. Mbao za saipresi,
plaiwudi mbili nzito kama deni.
Fundi Oduya alifumba jicho moja, akazikagua ukingo kwa ukingo:
hii imelowa, hii inadanganya,
hii itashika.

Mkataba wa nyumba unakataza msumari ukutani.
Basi fremu ikasimama yenyewe,
imekazwa kwa bolti kwenye kitanda cha ghorofa,
imeinama kidogo kuwaelekea watoto
kama mtu anayesikiliza.
Matundu sitini na manne.
Keekee ililia mpaka mama wa chini
akaipiga dari yake kwa mti wa ufagio
(dari yake, sakafu yetu).
Nikateremka na pakiti mbili za sukari
na unga wa mbao kwenye nyusi.

Vishikio vya dukani vina rangi za peremende
na bei ya karo.
Vyetu nimevichonga kwa mjakaranda
ulioangushwa barabara ilipopanuliwa.
Msasa mkwaruzo, kisha msasa laini,
kisha shavu langu mwenyewe:
kikinichoma, narudia.
Mwadime, ambaye bado hajui kusema "r",
alivipa majina kimoja kimoja:
Sikio. Kiazi. Ulimi wa Ng'ombe.
Kile kikubwa, kinene, cha kukumbatia, ni Shangazi.

Kwetu Wesu hakuna aliyejenga jiwe.
Tulilikuta, tukalipanda, tukachubuka,
tukarudi nyumbani tukiwa tumeficha viwiko.
Mimi hapa nalitengeneza jiwe kwa rula,
nampima mwanangu kutoka goti hadi nyonga
nijue hatua yake iishie wapi,
na chini nimetandika magodoro mawili,
la wageni na lile letu la kwanza.

Jumapili sikuwahi kusema "tayari".
Alikwishafika juu.
Kiganja kwenye dari: "Baba, huku kuna buibui!"
Kisha akatazama chini,
na uso wake ukawa mdogo.

Bolti nilikuwa nimezikaza mara tatu.
Njia ya kupanda nilikuwa nimeichora kwa kalamu ya risasi.
Njia ya kushuka
hakuna aliyeifikiria.

Aliye juu mngoje chini.
Methali hiyo nimeitafuna kazini miaka kumi
kila meneja alipopita bila salamu,
nikimwombea ngazi iliyooza.
Leo nimesimama juu ya godoro, bila viatu,
viganja wazi, shingo imekakamaa,
na ninangoja.
Sijawahi kungoja hivi.

"Mguu wa kushoto. Chini kidogo.
Bado. Hapo, hapo pana Kiazi."

Kidole gumba cha mguu kilipapasa hewa
kama mkono unaotafuta kiberiti stima ikipotea.
Kikagusa. Kikasita. Kikakaa.

Halafu Sikio. Halafu Ulimi wa Ng'ombe.
Mkamburi mlangoni, taulo begani, hapumui.

Alipokanyaga godoro nilitaka kumkumbatia.
Alikuwa ameshanigeuzia mgongo,
anapangusa viganja kwenye gauni,
anatazama juu tena.

"Sogea, Baba.
Unamziba Shangazi."