Jumatano ya Sahani

Jumatano ilikuwa siku ya sahani.
Ukikata tikiti pale Sinema Luna
unakabidhiwa chombo kimoja, rangi ya siagi,
chenye ua la buluu lililopinda kama limechoka.
Wiki hii kikombe, wiki ijayo kisahani chake.
Mama aliijenga seti yake hivyo, kidogo kidogo,
kama ndege anavyojenga, kwa senti ishirini na tano.

Ilikuwa miaka ile tanuri za chuma zilipopoa,
wanaume wakashinda vizingitini wakichonga vijiti,
na mto Monongahela ukaanza, kwa aibu, kuwa safi.
Watu hawakuwa na nyama, ila mabakuli walikuwa nayo.
Na gizani, bastola inapolia kwenye skrini,
mtu hujisahau, akasimama,
pwaa! sahani chini,
na ukumbi mzima, Waslovaki, Waitalia, padri wetu,
ukapiga makofi ambayo shujaa hakuwahi kupigiwa.

Baba ndiye aliyewaonyesha watu viti.
Koti jekundu, vifungo kumi na viwili, mali ya kampuni;
viatu vilikuwa vyake, navyo vilivuja.
Tochi aliielekeza sakafuni daima
isije ikamwaga siri ya mtu:
nani amekuja na mke wa nani,
nani amelala kwa kuwa kwake hakuna makaa.
Juu yetu, ndani ya chumba kilichofunikwa mabati,
Ondrej Hudak aliilisha mashine mkanda uwezao kulipuka.
Aliapa hajaona mwisho wa hadithi hata moja:
mwisho ukifika, yeye anazungusha mkanda uliotangulia.

Na kulikuwa na ngazi ya pembeni.
Nimechelewa kuitaja kwa sababu hatukuwa tukiitaja.
Hapakuwa na kibao. Tulijua tu,
jinsi ulimi unavyolijua jino bovu:
watu weusi wa kiwandani, waliobeba chuma kilekile,
walilipa senti zilezile, wakapanda roshani,
na sahani zao walipewa mwisho, aghalabu zenye ufa.

Jumatano moja Cleophus Tibbs na mkewe Odessa
walikaa chini. Safu ya nane, katikati.
Meneja alimtazama baba, akanyoosha kidole.

Baba alisimulia hadi anakufa:
"Nilitembea mpaka safu ya nane. Nikazima tochi. Nikarudi."
Tulilelewa na sentensi hizo tatu.
Wenzetu walirithi nyumba.

Luna ilikuja kufungwa. Ikawa ghala la magodoro,
kisha kanisa, kisha ya njiwa.
Aprili ile mashine zilipokuja kuibomoa
matofali yaliuzwa, dola tano moja, kuisaidia maktaba.
Kwenye foleni mwanamke mwenye mkongojo
aliniuliza jina langu la kabla sijaolewa.
Yeye ni Verbena, binti wa akina Tibbs.
"Baba yako ndiye mwenye tochi," akasema.
Nikatabasamu. Nilikwisha kuinamisha kichwa kidogo,
tayari kupokea shukrani.
"Mama alisema iliwaka. Usoni. Muda mrefu,
hata alipofumba macho akaona maua ya kijani.
Mkono ulikuwa unatetemeka, hilo naye alilisema.
Lakini iliwaka."

Nyuma yetu kitu cha plasta kilianguka,
malaika, au kishada cha zabibu, vumbi halikutuambia.
Hakuna aliyepiga makofi.
Tulisogea mbele, yeye kwanza,
kila mmoja na tofali lake ndani ya mfuko wa karatasi.

Seti ya mama ninayo, vyombo thelathini na kimoja.
Kinachokosekana ni bakuli la sukari,
la Jumatano iliyofuata. Mama hakwenda.
Hakusema kwa nini, na nyumba iliyokwisha kupata hadithi nzuri
nani humo angeuliza?
Wageni wakija, sukari naileta na kopo lake.