Bitana

Mimi ni fundi cherehani, Mbuyuni, Moshi.
Ugonjwa wa mwanangu niliusoma kwanza kwenye sketi.
Machi nilipunguza kiunoni inchi moja.
Juni, inchi na nusu.
Nikamwambia mama yake: anarefuka huyu, ndiyo maana.
Uongo. Pindo la chini lilikuwa palepale
tangu darasa la nne.

Dawa ya minyoo tulimpa mara tatu.
Ya amiba, mara mbili. Taifodi sikumbuki,
kila zahanati na taifodi yake.
Jirani akaleta majani kutoka Old Moshi, machungu kama deni;
Aikande akayanywa bila kukunja uso
na usiku akaenda chooni mara saba.
Nilihesabu mlango ukilia.
Damu sikuihesabu. Aliificha,
aliimwagia maji mwenyewe, gizani,
mtoto wa miaka kumi na mmoja.

Leo tumekaa kwenye benchi la utrasaundi
katikati ya kina mama wenye matumbo ya miezi minane.
Mmoja anamtazama mwanangu, ananitazama mimi,
anavuta kanga yake kando.
Najua hesabu anayoipiga.
Nataka kusimama niseme, sivyo unavyodhani.
Sisimami. Nashika futikamba mfukoni
kama wengine washikavyo rozari.

Julai hii baridi inaingia hadi kwenye vifungo,
mlima umejifunika tangu Jumatatu.
Daktari Namsifu ameilaza chupa ya jeli
kwenye bakuli la maji ya moto.
"Ule mpira?" Aikande anauliza.
Mwaka jana walimpitisha mpira wenye kamera,
baada ya siku nzima ya kuharishwa kwa makusudi.
"Leo hakuna mpira. Mkono wangu, na hiki kidude.
Ukitekenyeka, cheka, ila usiruke."

Kwenye kioo, mvua ya kijivu.
Miaka ishirini nasoma vitambaa, hiki sikukisoma.
Kisha picha ikasimama,
daktari akaweka misalaba miwili midogo,
huku na huku ya ukuta wa utumbo,
kama niwekavyo chaki kabla ya mkasi.
"Milimita tano nukta mbili.
Ilipaswa kuwa chini ya tatu."

Milimita mbili na ushee!
Nguo gani iliwahi kumkataa mtu kwa milimita mbili?
Akabonyeza kitufe. Ukutani mle
zikawaka cheche nyekundu na buluu,
damu ikikimbilia panapoungua.
"Utumbo huu wa jirani unacheza, mnauona?
Huu umegoma."

Hapo nikaelewa.
Nguo umeipiga pasi, imenyooka, watu wanaisifu,
kumbe ndani bitana imevimba,
imejikunja, inaivuta nguo nzima kuelekea kwake.

"Baba, yule ni mimi?"
"Ni wewe."
Akatazama sana.
"Kumbe nina kazi nyingi hivyo."

Tukapewa dawa mpya, na tarehe.
Mlangoni Aikande akasimama mbele ya mama wa kanga,
shati bado limemgandia tumboni.
"Shikamoo. Usiogope, jeli ni ya moto."
Yule mama akaitikia,
akakosa pa kuyaweka macho.

Oktoba daktari alirudi palepale, misalaba ileile:
tatu nukta sita.
"Sijasema amepona," akatuonya. "Nimesema imesikia."
Cheche zilikuwa mbili tatu, kama za jiko lililosahauliwa.

Usiku mlango unalia mara moja, siku nyingine hata hiyo hapana.
Mtori anamaliza, anafuta bakuli kwa kidole.
Sketi nimeifumua kiunoni, nusu inchi,
lakini sijaishona: nimepiga bandi tu,
nyuzi nyeupe, za kung'oka kwa ukucha.

Pindo la chini bado sijaligusa.
Kila Jumapili namsimamisha ukutani, peku,
namwambia napima nguo.