Hifadhi Kama Rasimu

Siku za mbalamwezi mitumbwi haitoki Kayenze.
Dagaa hawafuati karabai anga likiwa na taa yake,
na chanja zetu hubaki tupu, zikinuka juzi.
Ndizo siku zangu za kufungua tovuti ya chama.

Shigela aliijenga akiwa likizo, kisha akaenda Dodoma
kwenye kazi ya maana.
Aliniachia nywila nyuma ya risiti ya saruji,
akasema, "Mama Nkwimba, ni kama kuandika meseji tu."
Si kama meseji.
Meseji ukikosea, umemkosea mtu mmoja.

Mwezi wa kwanza sikugusa kitu.
Niliingia, nikakaa kwenye dashibodi kama mgeni sebuleni,
mikono magotini, nikatoka.
Mbele kulikuwa na chapisho moja, lililokuja na nyumba yenyewe:
*Salamu, Dunia! Lihariri au lifute, kisha uanze kuandika.*
Miaka miwili tulikuwa tunaisalimu dunia
na hatuna la kuongeza.

Mwezi wa pili nilibadili nywila.
Ilikuwa dagaa123; ziwa zima lingeweza kuingia.
Nikapandisha picha ya chanja mpya,
nzito kama gunia lililonyeshewa,
ikala bando la wiki kabla ya kufika nusu.
Holo, fundi simu wa pale mwaloni, alicheka hadi akakaa chini.
"Ipunguze kwanza, mama. Mteja wa Bukavu hasubiri."

Sasa najua kidogo.
Ukurasa ni dagaa juani: usipougeuza,
unaoza chini huku juu unang'aa.
Bei ya debe ya mwaka jana ilikuwa kweli siku ile,
leo ni uongo wenye picha nzuri.
Basi nageuza. Bei, namba, siku za soko.
Masasisho yakisubiri, nachukua nakala kwanza,
naitia kwenye flashi, flashi naifunga pindoni mwa khanga,
pale pa hela,
ndipo nabonyeza.
Siku moja kila kitu kiligeuka cheupe, pee.
Pindo likaniokoa.

Lakini ukurasa mmoja nilikuwa naupita kando.
*Mweka Hazina Wetu.*
Bi Nyanjige, mizani mkononi,
kaiinua kama mtu aliyevua samaki wake mwenyewe,
na chini namba yake, tarakimu kumi.
Tulimzika Machi, kaburi likijaa maji tukichimba.
Mwanawe akaja kuniambia: simu bado inalia, usiku,
mtu wa Goma anataka magunia arobaini.

Nikaweka alama kwenye jina lake.
Kompyuta ikauliza, kwa adabu zake:
*Hamishia kwenye takataka?*
Takataka hukaa siku thelathini, kisha basi.
Takataka.
Mtu aliyenidai mia tano mbele ya kikao kizima,
aliyesema kilo ni kilo, hata kwa dada yangu wa tumbo moja.
Nikabonyeza *Ghairi*.
Nikatoka nje nikaangalia maji.

Niliporudi nilishuka orodha polepole, herufi zile ndogo,
nikakuta mlango ambao Shigela hakunionyesha.
*Hifadhi kama rasimu.*
Yaani wageni hawataiona. Simu haitalia.
Lakini ipo. Nikiingia mimi, ipo,
na mizani, na jua la siku ile shavuni,
na chini yake: imehaririwa mara ya mwisho na Nkwimba.

Ukurasa mpya nikaandika jina la Minza, picha bado.
Kisha nikalifungua lile chapisho la kwanza kabisa.
Sikulifuta. Nililihariri,
nikalisoma mara mbili kwa sauti, nikabonyeza *Chapisha*:

Salamu, Dunia.
Mweka hazina wetu ametutoka.
Kwa magunia, piga namba hii mpya.
Kilo bado ni kilo.