Sahani ya Samaki

Kasri la Skelbrough sikuliona.
Nilizaliwa miaka miwili baada ya baruti,
baada ya jeshi kuondoka na madoa ya buti ghorofani,
na mvua ya Yorkshire kuingia kwa mlango wa mbele
bila hodi.

Ila nimekulia ndani yake. Mama alihakikisha.
"Hapa," alisema, viazi vikilia kikaangoni,
"palikuwa na mahali pa moto, marumaru tupu,
ng'ombe mzima angesimama."
Na baba, vumbi la makaa bado koponi mwa macho:
"Basi mkaribishe ng'ombe wako. Chai inapoa."

Halmashauri ilikata mierezi, mialoni, misonobari,
kisha ikaipa mitaa majina ya marehemu.
Sisi tulikaa Mtaa wa Mierezi, namba kumi na nne:
vyumba viwili juu, viwili chini,
bafu la kwetu wenyewe, ambalo shangazi Edna
alikuja kwa basi kulitazama.
Mia na sitini nyumba kama hiyo,
matofali mekundu, yaliyonyooka kama watoto wa foleni ya maziwa.

Langoni walibaki simba wawili wa mawe.
Mmoja hakuwa na kichwa.
Wilf Tordoff alijitawaza bwana wa kasri,
akatukodisha simba kwa peremende mbili,
yule kilema kwa moja.
Nyuma ya gereji ukuta wa bustani ulikuwa ungali,
na misumari yake, safu kwa safu,
pale mitufaha ilipokuwa imesulubiwa
izae kwa adabu.

Kumi na nne: ndio umri mama aliouanza nao kazi humo.
Mikono jivuni saa kumi na moja alfajiri,
ngazi za nyuma, daima za nyuma,
uso ukutani bibi mkubwa akipita.
Hata kwetu, nyumba aliyoilipia kodi kila Ijumaa,
alizunguka na mabegi yake, akaingilia jikoni.
Mlango wa mbele niliuona wazi mara mbili:
akija daktari,
na akitoka nyanya.

Nilikuwa na miaka tisa. Baba alichimba mtaro wa viazi,
mimi nyuma yake nikiokota minyoo.
Kikatoka kigae, buluu juu ya nyeupe,
mkia wa samaki.
Kisha kichwa. Kisha pezi, na ukingo wa dhahabu.
Vipande saba, vyote pamoja, vimefungwa
katika kitambaa kilichooza, kama kitu kilichozikwa.

Nilimpelekea mama mbio, mikono imejaa.
Hakushangaa. Hilo ndilo ninalolikumbuka.
Alifunga bomba la maji.
"Zilikuwa ishirini na nne," alisema.
"Halafu ishirini na tatu."
Akakaa. Mama hakuwa mtu wa kukaa mchana.
"Walimfukuza Ivy Hepworth. Walisema kaiba.
Bila barua ya sifa. Majira ya baridi.
Naye alikuwa akilala kitanda kimoja nami,
miguu yake barafu."

Sikuelewa. Nilitaka kujua tu kama dhahabu ile ni ya kweli.

Aliviosha vipande kimoja kimoja,
akavipangusa, akavilaza kwenye taulo,
samaki akarudi, nyufa zikimkata kama wavu.
Jumapili alivaa kofia ya kanisani,
akakunja gazeti, akatia mfukoni,
akapanda basi la Barnsley, peke yake.

Jioni tulikuwa mezani. Mkate, siagi, kimya cha redio.
Kukasikika ufunguo mahali pasipo na ufunguo,
mbao zikikwaruza, rangi ikibanduka,
baridi ikatupita miguuni,
na mama yupo ukumbini, mikono mitupu,
akifuta viatu kwenye zulia
ambalo halijawahi kukanyagwa.

Baba aliweka uma chini.
"Nani kafa?" akauliza.